Maswali ya Wasomaji: Mlima wa Patrick na Mwisho wa Julai ya Njaa

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya watu wakipanda mlima wa mawe, baadhi yao miguu mitupu, na chini yake tukaandika mstari mmoja tu: kwamba ni Waayalandi wanaohiji katika mlima Croagh Patrick, na kwamba inasemekana hija hiyo ina mizizi katika sikukuu ya mavuno iliyokuwako kabla ya Ukristo. Mstari huo umetuletea barua kutoka Bukavu, Goma na Idjwi, nyingine za udadisi na nyingine za hasira. Kwa hiyo safari hii ukurasa wote tunauacha kwa jambo hilo.

Mimi ni katekista katika parokia moja ya Kadutu. Picha ile ilizua ubishi katika shirika letu. Vijana wanasema watu hao wanaabudu mlima kama wapagani. Wazee wanasema ni toba ya kawaida, kama zile za Kwaresima. Tunaomba mtueleze ni kitu gani hasa kinachofanyika pale, na hiyo sikukuu ya mavuno ilikuwa nini.

Asante, Baba Katekista. Tuanze na kile kinachoonekana kwa macho. Croagh Patrick uko magharibi mwa Ayalandi, katika kaunti ya Mayo, karibu na mji mdogo wa Westport, umesimama peke yake kando ya ghuba na kilele chake kimechongoka. Urefu wake ni mita 764. Kwa mtu wa Bukavu, ambaye maji ya Ziwa Kivu anayoyatazama kila asubuhi yako kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, kilele hicho kingekuwa chini sana ya miguu yake; lakini wao huanza kupanda karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo mita hizo hujaji huzilipa karibu zote kwa magoti yake mwenyewe. Sehemu ya juu ndiyo iliyowatesa watu miaka yote, kwa kuwa ilikuwa mteremko mkali wa vipande vya mawe yaliyolegea, ambayo ukipiga hatua moja yanakurudisha nusu hatua. Katika miaka ya karibuni mafundi wameijenga upya njia ya hapo kwa kupanga mawe kwa mikono, maana nyayo za watu zilikuwa zimeuchubua mlima mpaka unaonekana kwa mbali kama una kidonda.

Siku kuu ya hija ni Jumapili ya mwisho ya Julai. Vituo vya sala ni vitatu. Cha kwanza ni rundo la mawe liitwalo Leacht Benáin, kwa jina la mfuasi wa Mtakatifu Patrick, ambalo hujaji hulizunguka mara saba huku akisali Baba Yetu saba, Salamu Maria saba na Nasadiki moja. Cha pili kipo kileleni, penye kikanisa kilichojengwa mwaka 1905: hapo hupiga magoti na kusali, akakizunguka kikanisa mara kumi na tano, kisha akazunguka mara saba mahali paitwapo Leaba Phádraig, yaani kitanda cha Patrick. Cha tatu, chenye marundo matatu ya mawe, kiko upande mwingine wa mlima na si wote wanaokifikia. Mapokeo yanasema kwamba Patrick alifunga siku arobaini juu ya mlima huo, akisumbuliwa na pepo waliomjia katika umbo la ndege weusi. Mpaka hapa wazee wa shirika lenu wana haki kabisa: sala ni za Kikatoliki, nia ni toba, na Misa inasomwa kileleni.

Lakini vijana nao hawakuokota maneno yao hewani. Wameuliza tu swali lao vibaya. Badala ya kuuliza kama huu ni upagani au toba, mimi ningeuliza kwanza: mwezi wa Julai wakulima wale walikuwa wakila nini?

Jibu ni kwamba walikuwa hawali. Walikuwa na jina la mwezi huo, Julai ya njaa, na sababu yake mkulima yeyote wa Kabare au Walungu ataielewa bila kufundishwa. Chakula cha mwaka uliopita kimekwisha, kipya kiko shambani lakini hakijakomaa, na kati ya hayo mawili kuna majuma ambayo mama wa nyumba anahesabu vijiko. Zamani ilikuwa hesabu ya nafaka. Baadaye, viazi vilipokuwa chakula kikuu cha maskini wa Ayalandi, ikawa hesabu ya viazi. Viazi vya zamani vimechipua na kunywea, na vipya bado ni vidogo kama gololi. Aliyekosa subira akavichimba mapema alihesabiwa kuwa mkulima asiyejua kupanga mambo yake, na majirani walimsema. Kisha, mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, ilifika Jumapili moja ambayo kila nyumba ilichimba viazi vyake vya kwanza, na desturi ilidai kwamba siku hiyo watu wale mpaka washibe. Mtoto aliyezoea kuambiwa "basi" aliongezewa mara ya pili.

Siku hiyohiyo vijana walipanda vilima kuchuma tunda dogo la mwituni liitwalo fraochán, rangi yake buluu iliyokoza hadi weusi, ambalo huota kwenye vichaka vifupi vya milimani na humwachia mlaji vidole na midomo yenye rangi ya zambarau mpaka jioni. Sehemu nyingine Jumapili hiyo iliitwa tu Jumapili ya matunda hayo. Katika kilima kimoja cha Donegal wavulana walikwenda na vipande vya uzi mfukoni, wakatunga matunda kama shanga na kuwavisha wasichana mkononi. Na wakati wa kurudi nyumbani wasichana walizivua bangili hizo na kuziacha palepale kilimani. Mahali pengine waliacha maua. Kwa nini kuviacha? Kwa sababu cha kwanza cha mavuno hakikuwa chao.

Jina la kale la sikukuu hii ni Lughnasa, na siku yake ilikuwa tarehe 1 Agosti, moja ya siku nne kuu zilizogawa mwaka wa watu hao. Hata leo katika lugha ya Kiayalandi mwezi wa Agosti huitwa Lúnasa. Hija ya Croagh Patrick inaangukia palepale, na nijuavyo mimi, hilo ndilo shina la jambo lote: miungu ilisahauliwa, majina ya milima yakabadilika, lakini viazi na nafaka havikubadilisha mwezi wa kukomaa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Bagira. Nimeona jina la Lugh likitajwa kama mungu wa mavuno. Alikuwa nani? Na kwa nini sikukuu ifanyike mlimani, wakati mashamba yako bondeni?

Mama Mwalimu, Lugh hakuwa mungu wa mavuno kwa maana ya kwamba kazi yake ilikuwa hiyo moja. Katika hadithi za kale za Ayalandi yeye ni bingwa wa kazi zote. Inasimuliwa kwamba alifika kwenye lango la ikulu ya mfalme kule Tara, bawabu akamuuliza ana ujuzi gani. Akasema ni seremala. Akaambiwa seremala tunaye. Akasema ni mhunzi, mhunzi tunaye. Mpiga kinubi, mshairi, mganga, kila alichotaja kilikuwa na mwenyewe. Ndipo akauliza kama wanaye mtu mmoja anayeziweza zote, na lango likafunguliwa.

Kuhusu mavuno, hadithi inamtaja mama yake mlezi, Tailtiu, ambaye alifyeka msitu ili nchi iwe tambarare ya kulimwa, na kazi hiyo ikamuua. Lugh akaweka mashindano na mkutano wa kila mwaka kwa ajili ya kumkumbuka, mahali ambapo leo ni Teltown katika kaunti ya Meath. Mkutano huo si hadithi tupu: kumbukumbu za wafalme zinautaja mara nyingi, na wa mwisho ulifanyika katika karne ya 12. Nakuomba uitazame hadithi hiyo kwa makini mbele ya wanafunzi wako, kwa sababu haisemi kwamba chakula kilishuka kutoka mbinguni. Inasema kwamba mwanamke alifyeka msitu mpaka akafa kwa uchovu, na watu wanaokula wanapaswa kulitaja jina lake.

Adui katika simulizi za vijijini anaitwa Crom Dubh, na sehemu nyingi Jumapili ya mavuno iliitwa kwa jina lake. Yeye ndiye mwenye ghala na ng'ombe, tajiri ambaye mali haiwezi kutoka mkononi mwake. Simulizi moja inasema alimpelekea Patrick paja la nyama ya ng'ombe, na Patrick akamwambia mjumbe "Deo gratias", yaani Mungu ashukuriwe. Crom akapeleka tena, na tena, na kila mara likarudi neno lilelile. Akakasirika kwamba hakupewa shukrani ya kweli. Basi Patrick akaliandika neno hilo kwenye karatasi, wakaliweka upande mmoja wa mizani na nyama yote upande wa pili, na karatasi ikashinda kwa uzito. Wataalamu wanaona kwamba katika simulizi kama hizi Patrick ameketi kwenye kiti kilichokuwa cha Lugh: zamani Lugh ndiye aliyeyanyakua mavuno kutoka kwa mwenye kuyaficha, ili watu wale.

Kuhusu mlima, sababu ni zaidi ya moja, nami sipendi wanaotaja moja tu. Matunda yale ya mwituni huota juu, si bondeni. Wakati wa kiangazi mifugo ilikuwa malishoni huko huko milimani pamoja na vijana walioichunga. Vilima vingi vya mikutano vilikuwa mpakani, kati ya jamii moja na nyingine, kwa hiyo hakuna aliyekuwa mgeni wala mwenyeji, na kijana wa upande huu aliweza kumwona msichana wa upande ule bila kuvuka uwanja wa mtu. Na kutoka juu mtu huona mashamba yote kwa mara moja, la kwake na la jirani, yakianza kugeuka rangi.

Nasoma historia katika chuo kimoja cha Bukavu. Kama Waayalandi wa kabla ya Ukristo hawakuandika vitabu, wataalamu wamejuaje haya? Je, si makisio ya watu wa siku hizi wanaopenda mambo ya kale?

Swali zuri kuliko yote, ndugu yangu, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ni mwanamke anayeitwa Máire MacNeill. Alikuwa mfanyakazi wa Tume ya Mapokeo Simulizi ya Ayalandi, iliyoanzishwa mwaka 1935 ili kukusanya yale ambayo wazee walikuwa wakifa nayo. Mwaka 1942 tume hiyo ilituma fomu ya maswali kwa watu wake wa kila pembe ya nchi, wengi wao walimu wa shule za vijijini, ikiuliza kuhusu Jumapili hiyo: mnaiitaje, mlikwenda wapi, mlichuma nini, mlikula nini, nani alikatazwa kuchimba viazi kabla yake? Majibu yalirudi kutoka sehemu nyingi, yameandikwa kwa mkono, baadhi katika Kiayalandi na baadhi katika Kiingereza. MacNeill aliyasoma, akayalinganisha na maandishi ya kale, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1962. Ndani yake kuna karibu mahali 200 ambapo watu walikusanyika mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, juu ya vilima, kando ya maziwa na kwenye chemchemi. Sehemu chache tu kati ya hizo zilikuwa zimegeuka kuwa hija. Nyingi zilikuwa zimebaki matembezi ya vijana na kapu la matunda, na nyingine zilikuwa zimekufa, hasa baada ya njaa kuu ya 1845 hadi 1852, ambapo ukungu uliozesha viazi uliua watu wapatao milioni moja na wengine kama hao wakahama nchi. Ni vigumu kusherehekea viazi vya kwanza katika kijiji ambacho viazi vimekizika.

Huo ni ushahidi wa uzito, lakini ni wa wazee wa karne ya 20 na ya 19. Kwa Croagh Patrick wenyewe tuna hatua nyingine za kupimia. Patrick aliishi karne ya 5. Alizaliwa Uingereza, akatekwa akiwa na miaka karibu kumi na sita, akachunga mifugo Ayalandi kama mtumwa kwa miaka sita, akatoroka, akarudi baadaye kama mhubiri. Ameacha maandishi mawili ya mkono wake, na katika hayo hautaji mlima huu hata mara moja. Anayeutaja ni Tírechán, askofu wa karne ya 7, ambaye anauita kwa jina lake la kale, Cruachán Aigle, na kusema Patrick alikaa huko siku arobaini. Wanaakiolojia waliochimba kileleni katika miaka ya 1994 na 1995 walikuta mabaki ya ukuta wa ngome unaokizunguka kilele, na msingi wa kikanisa cha mawe ambacho kipimo cha kaboni kilikiweka kati ya mwaka 430 na 890. Kwa hiyo mlima ulikuwa mahali pa watu kwa muda mrefu sana, na Wakristo walisali juu yake mapema.

Sasa sikiliza jambo ambalo wapenzi wa mambo ya kale hulipita haraka. Kumbukumbu za mwaka 1113 zinasema radi ilipiga mlima huo na kuwaua watu thelathini waliokuwa wakifunga, na ilikuwa usiku wa sikukuu ya Patrick, yaani mwezi Machi. Machi ni Kwaresima, si mavuno! Kisha mwaka 1432 Papa Eugenius IV anatoa rehema kwa wanaozuru kikanisa cha mlima huo Jumapili inayotangulia tarehe 1 Agosti, naye anataja kwamba umati mkubwa hufika. Kwa hiyo tuna hija ya Machi na hija ya mwisho wa Julai, na ni ile ya pili iliyoishi mpaka leo.

Unaweza kulieleza jambo hilo kwa urahisi wa hali ya hewa, kwa sababu mlima wa Ayalandi mwezi Machi ni baridi na mvua, na radi ya 1113 ilitosha kuwa onyo. Lakini majira yenye hali nzuri ya hewa ni marefu. Juni ni nzuri pia. Kwa nini watu waichague Jumapili ileile ambayo vijiji kote nchini vilikuwa vikipanda vilima vyao kwa ajili ya chakula kipya? Mimi naungana na wanaosema kwamba umati wa mavuno ulikuwako kwanza na hija ikaingia ndani yake. Nakubali kwamba ni hitimisho lililojengwa kwa dalili, na kwamba wapo wasomi waangalifu wanaotuonya tusiitazame kila desturi ya kijijini kana kwamba imetoka moja kwa moja kwa makuhani wa kale. Onyo lao ni la haki. Mtu akikuambia kwamba anajua ni sala gani ilisemwa kwa Lugh juu ya Croagh Patrick miaka elfu mbili iliyopita, usimwamini. Mtu akikuambia kwamba Jumapili ya mwisho ya Julai ilikuwa siku ya kula kabla ya kuwa siku ya toba, msikilize, maana ana fomu za 1942 mkononi.

Naandika kutoka Goma. Nimepanda Nyiragongo mara mbili. Mlima wa mita 764 unaweza kumtisha nani?

Hongera kwa Nyiragongo. Croagh Patrick huchukua kama saa mbili kupanda na saa moja na nusu kushuka, na wazee wa miaka sabini hufika juu. Hata hivyo kila mwaka waokoaji hubeba watu kwa machela, kwa sababu ya vifundo vya miguu vilivyoteguka kwenye mawe na mioyo isiyozoea kazi. Ukungu wa baharini huja ghafla. Mwaka 2015 Misa za kileleni zilifutwa siku yenyewe kwa sababu ya upepo na mvua, na bado wapo waliopanda. Tena, hadi mwaka 1973 hija ilikuwa ikifanyika usiku, kwa tochi. Fikiria mawe yale, giza, na miguu mitupu.

Mimi ni mchungaji wa kanisa la uamsho, Goma. Biblia inatukataza kuchanganya nuru na giza. Je, Kanisa Katoliki la Ayalandi halikuona kwamba linabariki sikukuu ya sanamu?

Mheshimiwa Mchungaji, hofu yako waliwahi kuwa nayo wengi, na baadhi yao walikuwa mapadri na maaskofu wa Ayalandi wenyewe. Patrick hakuwa mlegevu: katika maandishi yake anasema kwamba jua tunaloliona huchomoza kila siku kwa amri ya Mungu, na wanaoliabudu watapata hasara, kwa sababu jua la kweli ni Kristo. Lakini kuhusu mikutano ya watu kulikuwa na mawazo mengine pia. Mwaka 601 Papa Gregorio Mkuu aliwaandikia wamisionari waliokuwa Uingereza kwamba wasibomoe mahekalu ya wenyeji, ila wavunje sanamu zilizomo, wayanyunyizie maji ya baraka, na wawaache watu waendelee kukusanyika na kuchinja ng'ombe wao siku za watakatifu, wakila kwa kumshukuru Mungu. Sababu aliyotoa inafaa sana kwa mada yetu ya leo: anayetaka kufika mahali pa juu hupanda kwa hatua, harukii. Barua hiyo haikuandikwa kwa Waayalandi, lakini inaonyesha jinsi viongozi wa zama hizo walivyofikiri.

Baadaye watu wengine walijaribu kuizima mikutano hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 18 sheria za watawala Waprotestanti zilizihesabu hija kuwa mikusanyiko haramu, zikatoza faini, na asiyekuwa nayo achapwe viboko. Watu walipanda vivyo hivyo. Katika karne ya 19 maaskofu Wakatoliki nao walifunga sherehe nyingi za watakatifu na visima, kwa sababu baada ya sala zilikuja pombe na mapigano ya fimbo kati ya koo, na kwa hilo siwezi kuwalaumu, ingawa pamoja na ulevi walizima pia nyimbo, ngoma na matembezi ambayo hayakumdhuru mtu. Mahali pengine palifufuka: kule Máméan, njia ya milimani katika Connemara, padri mmoja mwanasosholojia aliirudisha hija mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya kukatika kwa miaka mingi.

Kuhusu kuchanganya, Mchungaji, nitasema ninavyoona mimi na sitakulazimisha. Mtu aliyenusurika na Julai ya njaa anapanda kilima na kushukuru. Babu yake alimshukuru Lugh, yeye anamshukuru Mungu wa Patrick. Aliyebadilika ni yule anayeshukuriwa, na badiliko hilo si dogo. Ndilo hasa ambalo wahubiri walilitaka. Njaa na kiazi cha kwanza havina dini. Sisi wenyewe tunalijua jambo hili kwa karibu, kwa kuwa mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misa ya majimbo ya Zaire, ambayo mwanzoni mwake wahenga wetu waliomcha Mungu huitwa pamoja na watakatifu, na hakuna anayetoka katika Misa hiyo akidhani ametoka kutambika.

Mimi ni mzee wa Idjwi. Mambo haya ya Wazungu ya kula chakula cha kwanza hayanishangazi. Sisi tulikuwa na Muganuro. Kwa nini hamkuutaja?

Shikamoo, Mzee. Tulikuwa tunakungojea wewe.

Msomaji asiyejua afahamu kwamba katika kisiwa cha Idjwi Muganuro ulikuwa sherehe ya malimbuko kwa Mwami, yaani mfalme, na kwamba ng'ambo ya ziwa, Rwanda, kuna Umuganura, ambao utawala wa Wabelgiji uliupiga marufuku mwaka 1925 na ambao leo umerudi kuwa siku ya taifa, Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Tarehe hiyo inakaribiana na Lughnasa kwa siku chache tu, nami sitaki mtu ajenge hoja juu yake, kwa sababu majira yetu si yao: kwao Agosti ni mwanzo wa kuvuna, na kwetu mtama una kalenda yake ya mvua na kiangazi. Tofauti nyingine ni kubwa zaidi. Huku kwetu aliyeonja kwanza alikuwa Mwami, na kabla yake hakuna aliyeruhusiwa. Kule kijijini Ayalandi, kufikia wakati wa fomu zile, kila baba wa nyumba alikuwa mwonjaji wa kwanza wa shamba lake. Ila katazo ni lilelile, na ninalikumbuka nyumbani kwetu. Bibi yangu, mlimani Kabare, alichuma maharagwe mabichi ya kwanza akayapika peke yake katika chungu kidogo, akampelekea babu yangu bakuli, na sisi watoto tulisimama mlangoni tukimtazama akitafuna. Hakusema neno. Alipomaliza alimrudishia bibi bakuli, na hapo tu ndipo tuliporuhusiwa kuingia shambani.

Sikuwahi kumuuliza maana yake, na sasa hayupo. Kwa hiyo, Mzee, tunakuletea maswali kama yale waliyopelekewa walimu wa Ayalandi mwaka 1942, nawe umwambie mjukuu akuandikie majibu bila haraka. Siku ya Muganuro ilijulikanaje, nani aliitangaza? Mtama au ulezi wa kwanza ulitoka shamba la nani, ukabebwa na nani, katika chombo gani? Aliyekula kabla ya siku yake alifanywa nini? Watu walikusanyika bondeni au kilimani, na kilima hicho kinaitwaje leo? Nini kiliachwa pale, kisirudishwe nyumbani?